Pwani ya Nyasa kwenye Karatasi ya Berlin

Mwaka 1861, na tena 1862, David Livingstone aliingia mdomo wa mto Ruvuma akitafuta njia ya kufika Ziwa Nyasa bila kupita katika eneo la Wareno kule Zambezi. Mara ya kwanza alikuja na meli, mara ya pili na mashua. Alitumaini kwamba mto ule ungemfikisha ziwani, au karibu nalo, na wapo watu wa njiani waliompa tumaini hilo. Maji haba na miamba vilimrudisha. Hata yangekuwa tele asingefika, kwa sababu Ruvuma hautoki ziwani. Unaanzia katika milima ya Matogoro, jirani kabisa na mji wa Songea, na mkazi yeyote wa milima ile angemwambia hivyo kama swali lingemfikia. Aliporudi mwaka 1866 Livingstone alitembea kwa miguu kutoka Mikindani, akafika ziwani Agosti, na mto akawa amekwisha kuuacha nyuma yake.

Kisa hiki nakianzia kwa sababu kinabeba tatizo zima la ramani kongwe za upande wetu huu wa kusini. Wachoraji hawakuwa wajinga, na mara nyingi waliowapa habari hawakuwa waongo. Tatizo ni kwamba kila habari ilikuwa na mipaka ya miguu ya aliyeileta. Ramani za Songea na pwani ya Nyasa zinaaminika sana pale msafara ulipopita, na zinaaminika kidogo mno hatua chache nje ya njia. Ugomvi mwingi tulio nao leo, wa nchi kwa nchi na wa kijiji kwa kijiji, unazitaka zitoe jibu la huko nje ya njia.

Tuanze na ramani iliyochekwa kuliko zote. Katikati ya miaka ya 1850 wamisionari wawili wa Kijerumani waliofanya kazi Rabai, karibu na Mombasa, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, walichora ziwa moja kubwa la ajabu likijaza moyo wa Afrika Mashariki. Umbo lake lilikuwa la kiumbe kinene chenye mkia, na Waingereza wakaiita ramani ile ramani ya koa. Erhardt alikuwa amekaa Tanga mwaka 1854 akiwauliza wafanyabiashara wa misafara kuhusu bara. Wa njia ya kusini alimwambia kuna ziwa, wa njia ya kati naye akasema kuna ziwa, na wa njia ya kaskazini vilevile. Wote walisema kweli: mmoja aliijua Nyasa, wa pili Tanganyika, wa tatu ile iliyokuja kuitwa Victoria. Aliyekosea ni yule aliyezishona habari tatu zikawa bahari moja. Hata hivyo kichekesho kile kilizaa kazi, kwa kuwa ni ramani hiyo iliyochangia kuwatuma wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke barani mwaka 1857. Livingstone aliiona Nyasa Septemba 1859, na miezi miwili baadaye Mjerumani Albrecht Roscher akafika ufukwe wa mashariki kwa kufuata njia ya misafara ya Kilwa. Roscher aliuawa mwaka uliofuata, kabla ya kurudi pwani. Mkia wa koa ukaanza kupata umbo lake.

Ramani ninayotaka tuikalie zaidi ni ya kizazi kilichofuata. Baada ya Wajerumani kuitwaa nchi, Berlin ilianza kuchapisha ramani kubwa ya koloni zima kwa skeli ya 1:300,000, karatasi kwa karatasi. Kazi ilianzishwa na Richard Kiepert, ikaendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel, na mchapishaji alikuwa nyumba ya Dietrich Reimer. Kwa skeli hiyo sentimita moja ni kilomita tatu. Kutoka Songea hadi Mbamba Bay, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 120, hivyo kwenye karatasi ni sentimita 40 tu: safari ya siku kadhaa za kupanda milima ya Umatengo na kuteremka hadi ziwani inaenea kati ya kiganja na kiwiko. Wajerumani waliuandika mji wetu Ssongea, mto wetu Rowuma, na ziwa Njassa.

Nani alipima? Hapa ndipo utamu ulipo, na wengi wanaozitazama ramani hizi hawajiulizi. Sehemu kubwa ya nchi haikupimwa kwa maana tunayoijua leo. Ofisa, daktari, mmisionari au mwanajiolojia alitembea na msafara wake akiwa na dira mkononi na saa mfukoni. Kila njia ilipopinda aliandika kwenye daftari uelekeo mpya na saa ile. Mwendo wa wapagazi ulikadiriwa kwa saa, ukageuzwa kuwa kilomita. Mto ulipovukwa aliandika upana na jina. Kilima kilipoonekana kwa mbali alikipimia uelekeo kwa dira, kisha akakipimia tena kutoka mahali pengine, na mistari miwili ilipokatana kilima kikapata makao. Madaftari hayo yalisafirishwa hadi Berlin, mbali kabisa na Ruvuma, na mafundi wakayashonea mezani.

Mwinuko ulipatikana kwa baromita au kwa kuchemsha maji. Maji huchemka kwenye joto dogo zaidi kadiri unavyopanda, takriban nyuzi moja ya Selsiasi kwa kila mita 300. Ukikosea sehemu moja ya kumi ya nyuzi, umekishusha au kukipandisha kilima kwa mita 30. Latitudo haikuwa shida kubwa, jua na nyota zilitosha. Longitudo ndiyo iliyowatesa. Dunia inazunguka nyuzi moja kila dakika nne, na kwenye latitudo ya Songea nyuzi moja ya longitudo ni kama kilomita 109. Kwa hiyo saa ikichelewa dakika moja tu katika miezi ya kutikiswa kichwani mwa mpagazi, kijiji kizima kinahama kilomita 27. Ndiyo maana kazi ya mwaka 1898 ilikuwa muhimu sana. Mwaka huo tume ya Wajerumani na Waingereza ilipima mpaka kati ya Nyasa na Tanganyika. Upande wa Wajerumani walikuwamo Herrmann, Glauning na mwanaastronomia Ernst Kohlschütter, na upande wa Waingereza aliongoza Charles Close. Kwa mara ya kwanza sehemu hii ilipata alama za kuaminika, ambazo njia za madaftari zingeweza kufungwa kwazo. Makubaliano ya mpaka huo yalitiwa saini Februari 1901, na kwa jambo hilo wapimaji wanastahili heshima: waliwaonyesha wakubwa wao kwamba mstari uliochorwa Ulaya hauna budi kunyooshwa na nchi yenyewe.

Matokeo ya ushonaji ule yanaonekana hata kwa jicho lisilo la fundi. Kandokando ya njia, ramani imejaa: vijito, vilima, majina ya watu na mashamba. Kati ya njia na njia ni karatasi nyeupe, au mto uliochorwa kwa nukta kwa sababu ulionekana ulipovukwa juu na ulipovukwa chini, na katikati hakuna aliyeufuata. Nukta zile zinanifurahisha. Ni kukiri kwa fundi aliyekataa kubuni.

Si wote waliokuwa na uungwana huo. Mfano mkali kuliko yote ninaoufahamu unatoka mbali na joto letu, kwenye pwani ya kaskazini ya Greenland. Mwaka 1892 Robert Peary wa Marekani alitazama kutoka mlimani, akaamini ameona mlango wa bahari unaoitenga nchi ile na ardhi ya kaskazini zaidi, na ramani zikauchora kama Peary Channel. Haukuwapo. Mwaka 1907 msafara wa Kidenishi wa Mylius-Erichsen ulipima pwani ile, na yeye na wenzake wawili, mmojawapo mchoraji ramani Høeg Hagen, wakafa kwa baridi na njaa wakati wa kurudi. Michoro ya Hagen ilikutwa na maiti ya mwenzao wa tatu, Jørgen Brønlund. Habari kwamba mlango ule ni wa kufikirika ilithibitishwa baadaye na Ejnar Mikkelsen, aliyeokota ujumbe walioacha. Barafu na miombo havifanani, lakini jicho linalokisia kutoka kilimani ni lilelile, na anayekuja nyuma na ramani ndiye anayelipa.

Kwetu gharama ilikuwa ya namna nyingine, na iliangukia wenyeji zaidi kuliko wasafiri. Mpimaji aliyefika kijijini aliuliza hapa ni kwa nani, naye akajibiwa jina la mkubwa wa pale. Ramani ikajaa majina ya watu kana kwamba ni majina ya mahali. Jumbe akihama, au akifa na mrithi akajenga ng'ambo ya mto, karatasi ilibaki na kijiji kisichokuwapo. Mji wetu wenyewe ni zao la desturi hiyo. Wajerumani walijenga boma mwaka 1897 karibu na makao ya Nduna Songea Mbano, kiongozi wa vita wa Wangoni, na jina la nduna likawa jina la kituo, la wilaya, na leo la manispaa. Miaka tisa baadaye dola iliyoliandika jina hilo kwenye ramani ilimnyonga mwenye jina. Songea Mbano, Nkosi Mputa Gama na wenzao kwa makumi waliuawa mwanzoni mwa 1906, na kila Februari wanakumbukwa Mahenge, hapahapa mjini Songea, penye makumbusho ya Maji Maji. Naona ajabu kwamba karatasi ya Berlin, isiyokusudia kumwenzi mtu, imelitunza jina lake kuliko amri yoyote iliyotaka lifutike.

Vita ya Maji Maji, ambayo kwayo walinyongwa, inatupa pia namna sahihi ya kuzitumia ramani hizi. Majeshi ya Kijerumani yalichoma mashamba na maghala makusudi, na njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Wengine walivuka Ruvuma kwenda Msumbiji; Nkosi Chabruma wa Mshope alikimbilia huko. Palipokuwa na watu pakawa pori, na pori likaja kuitwa hifadhi. Mtu anayesema leo kwamba nyika fulani ya kaskazini mwa Namtumbo au Tunduru haikuwahi kukaliwa anapaswa kwanza kuonyeshwa madaftari ya njia ya kabla ya 1905, kwa sababu pale msafara ulipopita kuna majina. Lakini upande wa pili wa hoja unabana vilevile: pasipo na jina kwenye ramani hapathibitishi kwamba hapakuwa na mtu. Panathibitisha tu kwamba Mjerumani mwenye dira hakupita. Umatengo ni mfano mzuri. Watu waliojificha kwenye miteremko mikali kwa kuogopa mashambulizi ya Wangoni hawakujenga kando ya njia kuu ili wahesabiwe, na mashamba yao ya ngoro, yale mashimo yaliyopangwa ubavuni mwa mlima kuzuia mmomonyoko, hayawezi kuonekana kwa skeli ya kilomita tatu kwa sentimita.

Waingereza walipoingia kutoka Nyasaland, Malawi ya leo, mwaka 1916 waliongozwa na ramani za adui. Songea ilitekwa Septemba mwaka huo, na kikosi cha Kijerumani kilichokuwa Likuyu kikajisalimisha Januari 1917. Novemba 1917 kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji kule Ngomano, na mwisho wa Septemba 1918 akavuka kurudi, akapita upande wa Songea kuelekea Njombe na hatimaye Rhodesia ya Kaskazini. Jeshi linalowinda jeshi lingine kwenye miombo halina muda wa kupima upya. Waingereza walinakili karatasi za Berlin, wakabadilisha tahajia, na makosa ya zamani yakapata muhuri mpya.

Sasa tuteremke ziwani, kwenye ugomvi mkubwa.

Desemba 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana kwamba mpaka wao ufuate Ruvuma kutoka baharini hadi unapokutana na mto Msinje, kisha ufuate latitudo ya makutano hayo kwenda magharibi hadi Nyasa. Julai 1890 Ujerumani na Uingereza, katika mkataba uleule uliohusu Zanzibar na Heligoland, ziliendeleza mstari kutoka hapo: ufuate ufukwe wa mashariki wa ziwa, kisha wa kaskazini na wa magharibi, hadi mdomo wa Songwe. Kipande kile cha latitudo, karibu na 11°34' kusini, ndicho mpaka wetu na Msumbiji hadi leo kwa takriban kilomita 50 za nchi kavu. Kiliandikwa kwenye mkataba kabla ya yeyote kuyapima makutano ya Msinje kwa usahihi. Hata hivyo hakijaleta vurugu kubwa, kwa sababu mstari ukiwa nchi kavu unaweza kuwekewa mawe.

Ufukwe hauwekewi mawe. Ziwa Nyasa hupanda na kushuka kwa misimu, na hupanda na kushuka zaidi kwa vizazi. Kuanzia mwaka 1915 maji yalipungua hata mto Shire ukaacha kutoka ziwani kwa takriban miaka ishirini. Kisha yakarudi, na mwishoni mwa miaka ya 1970 yakapanda hadi kuingia majumbani. Ramani iliyochorwa na mpimaji wa miaka ya 1890 inaonyesha ukingo wa mwaka wake. Ukiusoma mkataba neno kwa neno, mwanamke wa Liuli anayeingia maji ya magoti kuosha vyombo amevuka nchi, na mwaka wa mafuriko nchi inamfuata hadi mlangoni.

Wajerumani wenyewe hawakuishi hivyo. Walijenga bandari Wiedhafen, ambayo ni Manda, na Sphinxhafen, ambayo ni Liuli, iliyoitwa hivyo kwa jiwe kubwa la Pomonda lililowakumbusha sanamu ya Misri. Meli yao Hermann von Wissmann ilielea ziwani tangu 1893 bila kuomba ruhusa ya kukanyaga maji. Agosti 1914 kamanda Mwingereza Rhoades, ambaye miaka ya nyuma alishiriki kulipima ziwa hilohilo na aliyejuana vizuri na nahodha wa Kijerumani, alikuja na meli Gwendolen akaipiga mizinga Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu Liuli kwa matengenezo. Nahodha, wanasema, alikuwa hajapata habari kwamba kuna vita. Nisichokipata katika kisa hicho ni dalili yoyote ya watu wawili walioamini kwamba maji yote ni ya mmoja wao.

Baada ya vita Uingereza ilikuwa na pande zote mbili, Tanganyika na Nyasaland, na uzembe ukawa rahisi. Kwa miaka mingi ramani na ripoti zake kadhaa zilionyesha mpaka ukipita katikati ya ziwa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1930 mstari ukarudi ufukweni. Mwaka 1954 Waingereza na Wareno waliafikiana kuugawa upande wa kusini katikati, na ndiyo maana Msumbiji ina maji yake hadi leo. Tanganyika haikuwa na wa kuisemea, kwa kuwa aliyepaswa kuisemea ndiye aliyekuwa pia ng'ambo. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 serikali ya Nyerere ilikubali bungeni kwamba ziwa halimo ndani ya nchi. Mwaka 1967 ilibadili msimamo na kuiandikia Malawi kwamba mpaka uko katikati. Rais Banda wa Malawi alikataa, na mwaka uliofuata akadai kwamba mipaka halisi ya Malawi inafika mbali zaidi kaskazini mwa Songwe. Moto ukalala, ukawaka tena 2012 baada ya Malawi kutoa leseni ya kutafuta mafuta, na jopo la marais wastaafu likiongozwa na Joaquim Chissano likapewa kazi ya usuluhishi. Mwaka huohuo, kwa bahati au kwa hesabu, upande wetu ulipata Wilaya mpya ya Nyasa, makao yake Mbamba Bay.

Katika mabishano hayo kila upande hupeperusha ramani. Nadhani ni silaha dhaifu kwa wote wawili. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema wazi Desemba 1986, katika kesi ya Burkina Faso na Mali, kwamba ramani peke yake haimpi mtu haki ya ardhi. Ni habari tu, yenye uzito mkubwa au mdogo, isipokuwa pale ilipoambatishwa kwenye makubaliano rasmi kama sehemu yake. Mwaka 1999 mahakama hiyo iliamua kesi ya kisiwa cha Kasikili, au Sedudu, kati ya Botswana na Namibia. Mkataba uliokuwa mezani ni uleule wa Julai 1890, kifungu kingine. Ramani zililetwa kwa marobota, na majaji hawakuona kwamba zinaamua jambo. Walirudi kwenye maneno ya mkataba na kwenye mto wenyewe, wakapima kina na upana wa mikondo, na kisiwa kikaenda Botswana.

Anayeitetea Tanzania ajifunze hapo. Maneno ya kifungu cha 1890 kuhusu Nyasa, yakisomwa makavu, yanaiegemea Malawi, na azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika la Cairo, Julai 1964, la kuheshimu mipaka iliyorithiwa, linaongeza uzito huo. Nyerere mwenyewe alikuwa mtetezi wake mkubwa. Nguvu yetu iko kwingine: katika kifungu cha sita cha mkataba uleule, kilichoruhusu mistari kurekebishwa kwa kufuata mahitaji ya mahali, katika matumizi ya maji yasiyokatika ya watu wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay chini ya kila serikali iliyopita, katika mfano wa 1954, na katika zile ripoti za Waingereza. Ripoti hizo zina maana kama ushahidi wa jinsi mtawala alivyotenda. Kama mchoro wa ziwa, hazina.

Nchi kavu nayo ilipata ramani yake ya pili, na hii ni ya hadhi tofauti kabisa. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza iliunda, mwaka 1946, idara ya upimaji wa makoloni chini ya Martin Hotine, na ndege za kikosi cha 82 cha jeshi lake la anga zikapiga picha za Afrika Mashariki kutoka juu. Kutokana na picha za anga zikazaliwa karatasi za 1:50,000, ambazo Idara ya Upimaji na Ramani ya Wizara ya Ardhi imezirithi na ambazo mwanafunzi wa jiografia wa kidato cha nne anazijua kwa kontua zake za kahawia. Kila karatasi inafunika dakika 15 za nyuzi kila upande, yaani kama kilomita 27. Eneo zima la karatasi hiyo linaenea ndani ya kosa la dakika moja ya saa ya mpagazi wa 1897. Nafasi nyeupe ikafa. Kamera haichagui njia.

Ila kamera haiulizi jina, na haijui kesho. Katika wilaya ya Songea vijiji vya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, Litowa kikiwa kinara, vilikuwa vimejipanga vyenyewe kiujamaa mpaka chama kilipovunjwa Septemba 1969. Kisha ikaja Operesheni Vijiji, na katikati ya miaka ya 1970 vitongoji vilivyotapakaa vilihamishiwa barabarani. Karatasi zilizochorwa kwa picha za kabla ya hapo zikabaki na vinyumba vidogo vyeusi mahali ambapo leo ni miembe na makaburi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 ilipotaka kila kijiji kiwe na mipaka na cheti, mahame hayo yaligeuka hoja. Mzee mmoja anasema babu yake kazikwa ng'ambo ya kijito. Mwenyekiti wa kijiji cha pili anasema kijito ndicho mpaka. Mpimaji wa halmashauri anakuja na jipiesi na karatasi yenye kijito lakini yenye jina la kijito kingine. Hapo ramani kongwe ina kazi nzuri kuliko inayopewa kwa kawaida: kuonyesha nani alikaa wapi kabla ya 1974. Mpaka wa kijiji haumo ndani yake, kwa kuwa kijiji chenyewe hakikuwapo.

Kaskazini ya hapo mistari inaendelea kuhama kwa sababu nyingine. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ya Unesco ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous urekebishwe ili eneo la urani la Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, litoke nje. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Jumuiya za wanyamapori kama Mbarang'andu zina mipaka yake juu ya mipaka ya vijiji. Anayefungua ramani ya Songea leo ajue tarehe yake kabla ya kuuliza lolote.

Na tukirudi Nyasa, upande wa juu kabisa ambako mstari wa 1890 unaliacha ziwa, kuna mto Songwe. Songwe hupinda, hukata kingo wakati wa mafuriko, na mkulima wa mpunga huweza kulala Tanzania akaamka shamba lake likiwa Malawi. Serikali zilezile mbili ambazo hazijaafikiana juu ya ziwa zimekaa pamoja juu ya mto huo, zikaunda kamisheni ya bonde la Songwe yenye ofisi zake Kyela, na mpango wao ni kuudhibiti mto ubaki njia moja. Mpaka wa Songwe unapimwa na watu wanaoloa miguu, kama Kohlschütter na Close mwaka 1898, na hakuna aliyeona haja ya kuleta mezani karatasi ya Berlin.